Pono na Ukuta

Msikiti wa Ijumaa wa zamani mjini Malé, ambao wenyeji huuita Hukuru Miskiy, ulijengwa mwaka 1658 kwa matumbawe. Mafundi waliyakata mawe hayo baharini yangali mabichi, wakati ambapo hayaugomei msumeno, wakayaanika, kisha wakayachonga na kuyapachika yakabanana bila chokaa. Nilipitisha kiganja juu ya ukuta nikafuata misuko na maua yaliyochongwa kwa mikono iliyotulia. Mtu aliyekulia Pemba, aliyecheza utotoni kwenye magofu ya Chwaka na kuona mihirabu iliyokatwa kutoka mwamba huohuo, hahitaji kuelezwa jiwe lile ni nini.

Nilimuuliza msimamizi yalikochimbwa mawe hayo. Akanionyesha kwa kidevu upande wa bahari, kule ulikosimama ukuta wa zege.

Maldivi, nchi ambayo Malé ndio mji wake mkuu, yote ni matumbawe. Visiwa karibu 1,200, vinavyokaliwa na wenyeji havifiki 200, vimepangana kutoka kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 800, na ardhi yake yote ukiikusanya ni kama kilomita za mraba 300 tu. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi hiyo haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari. Hakuna mlima wa kukimbilia. Nilikuja kuwatazama watu ambao wamelijua hilo tangu zamani, na ambao wana zaidi ya miaka thelathini wakijaribu kulitafutia jibu. Sisi wa visiwa vya Afrika Mashariki tunalo la kujifunza kwao, na mengine ni ya kujifunza tusiyafanye.

Malé ilipokua, wakazi walichimba matumbawe ili kujengea nyumba na kujazia maji ya kina kifupi. Mji ukapanuka hadi ukingoni mwa mwamba, pale ambapo zamani mawimbi yalikuwa yanavunjika na kuchoka kabla ya kufika nchi kavu. Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliyozaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa bahari yalifika yakaukuta mji hauna ngao. Maji yaliingia mitaani, yakaharibu uwanja wa ndege, yakabeba eneo kubwa la ardhi iliyokuwa imejazwa. Oktoba ya mwaka huohuo Rais Maumoon Abdul Gayoom alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akaeleza hatari ya nchi yake kumezwa. Wakati huo ni wachache duniani waliokuwa wakilizungumza jambo hilo. Mwaka 1989 Malé ikaita mkutano wa nchi ndogo kuhusu kupanda kwa bahari, na kutokana na juhudi hizo muungano wa nchi za visiwa vidogo ukaundwa mwaka uliofuata.

Kisha ukaja ukuta. Japani ilitoa fedha, na kwa miaka mingi mafundi walizungusha mji mzima kwa zege na kuupangia upande wa nje mawe ya zege yenye miguu minne, yaliyoshikana kama watu walioshikana mikono. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipopita, watu zaidi ya 80 walikufa nchini, lakini Malé ilipona pigo ambalo lingeweza kuwa kubwa zaidi, na wengi wanaushukuru ukuta. Nami naushukuru. Niliutembea jioni, wakati familia zimetoka kupunga upepo na vijana wanapiga mbizi kwenye kidimbwi kilichotengenezwa upande wa mashariki, nikafikiri ni watu wangapi walio hai kwa sababu yake.

Ila ukuta una tabia moja ambayo haisemwi siku ya uzinduzi. Ukishaujenga huwezi kuacha kuujenga. Zege huliwa na chumvi, na bahari ikipanda ukuta nao hupandishwa. Na nyuma yake kisiwa kimekatiwa riziki: mchanga hauingii tena. Malé haiwezi kurudi nyuma, kwa kuwa kilomita za mraba zisizozidi sana mbili zimebeba watu wengi kiasi kwamba hakuna ufukwe wa asili ambao ungeweza kuwalinda. Basi mji huo umefunga ndoa na zege, na gharama italipwa na kila kizazi.

Daraja la Sinamalé, lililojengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 2018, lilinivusha kupitia uwanja wa ndege hadi Hulhumalé. Hiki ni kisiwa kilichotengenezwa na binadamu. Kazi ya kuunyonya mchanga kutoka chini ya bahari na kuumwaga juu ya mwamba ilianza mwaka 1997, na wakazi wa kwanza walihamia mwaka 2004. Kimeinuliwa karibu mita mbili juu ya bahari, urefu ambao hapa ni kilima. Kuna maghorofa marefu, barabara pana, miti michanga, watoto wengi. Dereva wangu alikuwa ametoka kisiwa cha mbali ili wanawe wasome, na alisema kodi ya chumba Malé ilikuwa inamlia mshahara mzima. Kwa familia kama yake Hulhumalé ni nafuu ya kweli. Wanasayansi wa tabianchi wanakadiria bahari itapanda kati ya takriban sentimita 30 na mita moja kufikia mwaka 2100, kwa kutegemea dunia itaendelea kuchoma mafuta kiasi gani, kwa hiyo mita mbili zinanunua muda. Lakini huwezi kumwaga visiwa karibu mia mbili kwa njia hii. Mchanga huo huchotwa mahali fulani, na vumbi lake la majini hutua juu ya matumbawe yaliyo hai.

Nilitaka kuona visiwa ambavyo havina ukuta, basi nikapanda boti la kasi kuelekea atoli ya Baa.

Kusi ilikuwa inaisha. Bahari ilikuwa katika hali ile ambayo kwetu tunaiita tanga mbili, upepo haujaamua. Nahodha aliniuliza natoka wapi, na nilipomwambia tukaanza kulinganisha pepo. Kusi yetu kwao ni Hulhangu, kaskazi yetu ni Iruvai. Wana kalenda ya zamani waiitayo nakaiy, yenye vipindi 27 vya siku 13 au 14, na kila kipindi kina samaki wake, mvua yake na wakati wake wa kupanda. Nikamweleza jinsi wazee wetu wanavyohesabu miongo ya siku kumikumi kuanzia Nairuzi. Akacheka akasema hatukuachana mbali. Hatukuachana kweli: Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndiye huyohuyo aliyefika Maldivi mwaka 1343 akawa kadhi huko, na pepo hizihizi ndizo zilizoendesha vyombo vya bahari hii. Jambo la kusikitisha ni lile alilolisema baadaye, mkono ukiwa kwenye usukani: siku hizi kalenda inakosea. Mvua za kipindi fulani haziji, na bahari inachafuka katika siku ambazo babu yake angekwenda kuvua bila kuangalia juu.

Kisiwa nilichofikia unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita dhaththa, yaani dada mkubwa, nami nikamwita hivyohivyo, alinikaribisha kwa mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi, kitunguu na pilipili, pamoja na mkate mwembamba usio tofauti sana na chapati yetu. Nikiwa bado nakula akanionyesha maji yake. Ana maji ya aina tatu. Ya mvua, kwenye tangi kubwa jeusi chini ya paa, ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima, uani, ni ya kufulia na kuogea. Ya bomba, kutoka mtambo wa kuondoa chumvi, yalifika baadaye na yana bili.

Tulikaa sana juu ya habari ya kisima. Chini ya kisiwa cha matumbawe maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, yakafanya tabaka jembamba. Ukivuta kwa pampu kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini. Wimbi likifunika kisiwa, chumvi huingia kutoka juu, na huchukua misimu ya mvua kadhaa kabla tabaka hilo halijapona. Baada ya tsunami visima vingi viliharibika, na matangi ya mvua yakagawanywa nchi nzima. Lakini mvua ikichelewa matangi hukauka, na kwa miaka mingi wakati wa kiangazi cha Iruvai serikali ilipeleka maji kwa meli katika visiwa vilivyoishiwa. Mwaka 2015 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa maji kwa visiwa vya mbali vya Maldivi, miongoni mwa miradi ya kwanza kabisa ya mfuko huo: kuvuna mvua, kutunza maji ya chini ya ardhi na kuondoa chumvi, vyote kwa pamoja. Kutegemea mtambo peke yake kuna hatari yake. Desemba 2014 moto ulizuka kwenye mtambo wa Malé, na mji mzima ukabaki bila maji hadi India ilipoyaleta kwa ndege na meli. Watu wakizungumza habari ya visiwa kuzama hufikiria nyumba chini ya bahari. Dhaththa yeye anajua kwamba kisiwa humshinda mtu siku kisima kinapogeuka chumvi, nyumba ikiwa bado imesimama kavu.

Asubuhi mjumbe wa baraza la kisiwa alinichukua kutazama ufukwe. Wakati wa Hulhangu mawimbi ya magharibi huusukuma mchanga kwenda upande wa mashariki. Iruvai ikifika huurudisha. Kisiwa hupumua, upande mmoja ukijaa na mwingine ukipungua, na katika baadhi ya visiwa vya Baa watafiti wamepima ufukwe ukihama makumi ya mita ndani ya mwaka mmoja. Wazee walilijua hilo, hivyo nyumba zilikaa katikati, na kingo ziliachwa kwa vichaka na mikadi. Mikadi ile ilinifurahisha moyo. Kwetu mama zetu huyapenda maua yake kwa harufu. Hapa hula pia tunda lake, na mizizi yake hushika mchanga.

Halafu tukafika bandarini. Kama visiwa vingi, kisiwa hiki nacho kimechimbiwa bandari ndogo yenye kuta mbili zinazotokeza baharini. Mchanga unaosafiri kwa msimu huangukia humo ndani na hautoki. Upande wa pili ufukwe umeliwa, minazi imeanguka mizizi ikiwa nje, na mifuko mikubwa iliyojazwa mchanga imepangwa kuzuia maji yasifike makaburini. Mjumbe aliniona nikizitazama kuta zile akawahi kusema. Kabla ya bandari, wakati wa Hulhangu, mgonjwa alibebwa mabegani kupita kwenye mwamba ambapo mawimbi yanavunjika, na wapo waliojifungulia ndani ya mashua wakisubiri bahari itulie. Bandari ilikuwa haki yao. Wanachotaka sasa ni mchanga unaozolewa bandarini kila msimu ubebwe hadi upande ulioliwa, badala ya kupelekwa kujazia kiwanja kingine. Ni kazi ya tingatinga na lori, kila mwaka, bila kuchoka. Hakuna kiongozi atakayekata utepe kwa ajili yake. Nadhani ndiyo maana hufanywa kwa nadra, na mimi ningeipa fedha kabla ya ukuta wowote.

Mchanga wenyewe hutoka wapi? Nilivaa miwani ya kuzamia nikaingia majini. Chini ya maji kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kru, kru, kutoka kila upande. Walikuwa pono. Kwetu Pemba pono ni samaki wa kwenye dema na wa mchuzi, anayejulikana zaidi kwa usingizi wake. Hapa ndiye fundi mwashi. Huyang'ata matumbawe kwa mdomo wake kama wa kasuku ili apate mwani, huyasaga kooni, na kinachotoka nyuma yake ni wingu jeupe la mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ulioongozwa na Chris Perry wa Chuo Kikuu cha Exeter, ulipima mwamba wa kisiwa cha Vakkaru humuhumu Baa ukakuta zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya umetengenezwa na pono. Wamaldivi kwa karne nyingi wamevua jodari wa bahari kuu kwa ndoana, mmojammoja, na samaki wa miamba hawakuwashughulikia sana. Bila kukusudia, waliwaachia mafundi kazi yao. Nilipofikiria madema yetu na idadi ya pono wanaolala mezani pa mnada kila asubuhi, nilipata hofu ambayo sikuja nayo.

Matumbawe yenyewe yamepigwa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa mno ya matumbawe ya maji ya kina kifupi nchini, yakarudi polepole, na mwaka 2016 yakapauka tena. Baada ya kupauka, mchanga unaweza hata kuongezeka kwa muda, kwa sababu mwani huota juu ya matumbawe yaliyokufa na pono hupata malisho. Lakini mwamba usiojenga upya hatimaye huvunjika, na mawimbi hupita bila kupunguzwa nguvu.

Mtafiti Paul Kench na wenzake wameonyesha kwamba visiwa vya namna hii vimekuwa vikisogea tangu vilipoundwa maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba wimbi linalofunika kisiwa huacha mchanga juu yake na kukiinua. Hata tsunami ya 2004 iliacha mchanga mpya juu ya visiwa kadhaa. Habari hii ina tumaini na ina ukatili. Kisiwa huokoka kwa kufunikwa na maji mara kwa mara. Kisima cha dhaththa hakiokoki hivyo, wala ukuta wa chumba cha watoto. Kwa hiyo kazi ya kukabiliana na tabianchi, kama nilivyoielewa pale ufukweni, ni kumpa mwanadamu namna ya kuishi juu ya kitu kinachosogea: nyumba zirudi ndani, sakafu ziinuliwe, ukanda wa vichaka usiguswe, matangi yawe juu ya ardhi, na kila anayetaka kujenga baharini aulizwe kwanza mchanga utapita wapi. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Invena ya Maldivi wanajaribu tangu 2019 kuweka maumbo chini ya maji yatakayoyafanya mawimbi yenyewe yakusanye mchanga. Ni majaribio, ila yamelishika swali lenyewe.

Ndege ya kaskazini ilinishusha katika kisiwa cha Kulhudhuffushi, na pale ilipotua ndipo penye jeraha. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2019, umejengwa juu ya sehemu ya mikoko na ziwa la tope ambavyo wakazi waliviita kulhi. Watu wengi waliutaka, nao wana hoja, kwa kuwa Malé iko mbali, na hospitali kubwa ziko hukohuko Malé. Wengine walipinga kwa nguvu. Tope lile lilipokea maji ya mvua kubwa, na humo ndimo wanawake walimofukia makumbi ya nazi hadi yalainike, kisha wakayapiga na kusokota kamba. Nilikaa na wanawake wawili waliokuwa wakisokota barazani. Vidole vyao vilikwenda kama vya wanawake wa Pemba wanaofukia makumbi kwenye tope la pwani na kuuza kamba za usumba. Hatukuwa na lugha moja. Kijana wao alitafsiri. Nilipochukua nyuzi nikasokota kidogo kama nilivyofundishwa na bibi yangu, walipiga makofi, halafu mmoja akaniuliza kama tope letu bado lipo.

Nikamjibu kwamba lipo, na kwamba kila mwaka linamegwa kidogo. Tukaendelea kusokota. Kipato chake hakikuwa kikubwa, alisema, lakini kilikuwa chake, na alipolipwa, fedha hazikupitia mkononi mwa mwanamume yeyote. Katika hesabu ya faida na hasara za uwanja sikuona mahali ambapo kitu kama hicho kingeandikwa.

Mwisho nilikwenda Dhuvaafaru, atoli ya Raa. Kabla ya tsunami, karibu watu elfu nne waliishi Kandholhudhoo, kisiwa kilichobanana hadi nyumba zilifika majini na kilichozoea kufunikwa na mawimbi ya msimu. Tsunami ilikiharibu kabisa. Watu wakatawanywa visiwa kadhaa, wakaishi miaka kwenye makazi ya muda, mpaka Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilipojenga nyumba na huduma katika Dhuvaafaru, kisiwa ambacho kilikuwa hakina watu, na mwaka 2009 makazi hayo yakazinduliwa rasmi.

Rais Mohamed Nasheed, yule aliyefanya kikao cha baraza la mawaziri chini ya maji Oktoba 2009, aliwahi kuzungumzia kununua ardhi nchi nyingine ili Wamaldivi wapate pa kwenda. Viongozi waliofuata wamesema hawataondoka, watainua ardhi, na mpango mpya wa Ras Malé unataka kisiwa kilichoinuliwa mita tatu juu ya bahari. Dhuvaafaru ni jibu la tatu, nalo halina kelele. Nilipita mitaani wakati wa alasiri: barabara zilizonyooka, matangi ya maji, shule iliyojaa, vijana wasioikumbuka Kandholhudhoo ila kwa masimulizi.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa akitengeneza injini chini ya mti. Nilimuuliza kama wangekubali kuhama tena, bahari ikiwadai. Alifuta mikono, akafikiri sana. Kuhama kwenyewe, aliniambia kupitia mjukuu wake, hakukuwavunja. Kilichowavunja ni ile miaka ya kutawanywa, ambapo alikaa kisiwa kimoja na kaka yake kingine, maiti ya jirani ikazikwa na watu wasiomjua. Wakija tena kumwambia aondoke, atawauliza mambo matatu kabla ya kufunga mzigo: maji ya kunywa yako wapi, mashua zitaegeshwa wapi, na je, tunakwenda sote siku moja au mnatugawa? Wakimjibu la tatu vizuri, hayo mengine atajadiliana nao.